Ukuta haukuwa wa Berlin peke yake

Mhariri,

Kila ifikapo Novemba magazeti yetu huandika juu ya kuanguka kwa Ukuta wa Berlin, na picha huwa ileile: vijana wamepanda ukutani mbele ya Lango la Brandenburg. Picha nzuri, sina ugomvi nayo. Lakini msomaji hubaki akidhani yale mambo yaliwakuta watu wa mjini tu, ilhali mpaka wa Ujerumani mbili ulikuwa na urefu wa karibu kilomita 1,400, na sehemu kubwa ulikatiza mashamba na misitu.

Naishi Hof, kaskazini mwa Bavaria. Si mbali na hapa kuna kijiji kiitwacho Mödlareuth, chenye wakazi kama 50 hivi. Katikati yake hupita kijito, Tannbach, ambacho mtoto hukiruka bila kulowa. Mwaka 1810 watawala waliweka mawe ya mpaka kukifuata kijito hicho, huku Ufalme wa Bavaria, kule utawala wa Reuss. Wanakijiji wala hawakujali. Shule na baa zilikuwa upande wa kaskazini, kanisani walikwenda Töpen upande wa kusini, na maisha yakaendelea. Mimi mzaliwa wa Horohoro, mpakani mwa Tanzania na Kenya, hilo halinishangazi. Mstari uliotutenga na Lungalunga walikubaliana Wajerumani na Waingereza mwaka 1886, na hadi leo harusi ya kwetu haikamiliki bila shangazi wa ng'ambo.

Balaa lilianza baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mstari uleule wa mawe ukawa mpaka wa eneo la Warusi na la Wamarekani, kisha mwaka 1949 ukawa mpaka wa nchi mbili, Ujerumani Mashariki upande wa kaskazini na Ujerumani Magharibi upande wa kusini. Mwaka 1952 serikali ya Mashariki ilianza kuzungusha uzio, na familia za mpakani zilizotiliwa shaka zikahamishwa kwa nguvu katika operesheni waliyoipa jina la “Ungeziefer”, yaani wadudu waharibifu. Hebu fikiria, raia wako mwenyewe! Mwaka 1966 ukasimamishwa ukuta wa zege, mita 700, katikati ya kijiji. Wa kaskazini alikatazwa hata kumpungia mkono jirani wa kusini, na ndugu yake wa Mashariki kwenyewe hakuweza kumtembelea bila kibali. Upande wa Magharibi, watalii walishushwa na mabasi kuja kutazama. Wamarekani walipaita Berlin Ndogo, na mwaka 1983 alifika hata George Bush, wakati huo Makamu wa Rais.

Ukuta ulibomolewa Juni 1990, ikaachwa sehemu ya kama mita 100 pamoja na mnara wa walinzi, na pakawa makumbusho. Wageni ninaowapeleka huuliza kwa nini haukung'olewa wote. Naona waliouacha walifanya vyema. Bila ule ukuta mgeni angeona kijito na bata, akaona tunamtania.

Na msiandike kwamba kijiji kimeungana, maana hakijaungana. Kaskazini ni jimbo la Thuringia, kusini ni Bavaria. Kuna mameya wawili, namba mbili za posta, magari ya huku yana kibao cha HO na ya kule SOK. Kusini utasalimiwa “Grüß Gott”, kaskazini “Guten Tag”. Wapo wanaoliona hilo kuwa dosari. Mimi silioni hivyo, mradi kila mtu anavuka atakavyo kwenda kunywa bia yake.

Basi Mhariri, mkipata nafasi mwaka huu, iandikeni Mödlareuth, ila msiiweke tarehe 9 Novemba. Usiku ule Berlin walikuwa wakikumbatiana, huku ukuta ulikuwa bado umefungwa. Njia ya kupita kwa miguu ilifunguliwa tarehe 9 Desemba 1989, mwezi mzima baadaye.

Msomaji wenu,
Hof, Ujerumani