Pampasi ya mdogo wake haimtoshi mtoto wa miaka 10

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, jambo lenyewe ni la chumbani ila najua liko nyumba nyingi na watu wanalibeba kimya kimya. Mwanangu mkubwa ana miaka 10, yuko darasa la tano, na bado anakojoa kitandani, sio kila siku lakini wiki haiishi bila siku tatu au nne. Nilikua namvalisha pampasi za mdogo wake, zile namba sita ambazo kwa mangi ndo mwisho wa saizi, naivuta ile gundi mpaka inakaribia kuchanika, asubuhi naikuta imefunguka iko miguuni, kavu, na godoro limelowa. Miezi mingi nikawa nasema pampasi hazimfai huyu, kumbe nilikua namvalisha nguo ya mtu mwingine.

Nianzie walipoanzia ndugu. Shangazi yake alisema namdekeza, nikimvalisha ndo hataacha kabisa, achapwe asubuhi mbili tatu tuone kama hataamka mwenyewe. Bibi yake akasema anachezea moto jioni. Nikampeleka hospitali, na daktari alivyonieleza niliumia kwa fimbo alizokwisha kula. Usiku figo zinatakiwa zipunguze kutengeneza mkojo, kuna homoni inayofanya hiyo kazi, kwa baadhi ya watoto inakua kidogo, kibofu kinajaa, na usingizi wao ni mzito kiasi kwamba kibofu kikijaa hawashtuki. Mtoto hafanyi makusudi. Na inatembea kwenye familia, daktari akauliza kama mimi au baba yake tulikua hivyo, nikampigia mama mkwe pale pale kwenye benchi, akaniambia huyo mumeo kaacha yuko la saba. Yani miaka yote ndo naisikia siku hiyo! Tukaambiwa kati ya watoto 100 wa miaka mitano kama 15 wanakojoa usiku, wakifika miaka 10 wanabaki kama watano, na kila mwaka wengine wanaacha wenyewe bila dawa. Darasa la mwanangu lina watoto sitini na kitu, piga hesabu wako wangapi mle ndani na kila mmoja anadhani yuko peke yake.

Kwa hiyo nguo ya usiku haimtibu mtoto na wala haijathibitika kwamba inamchelewesha kuacha. Inampa usingizi tu, na mama naye analala. Nikishaelewa hivyo ndo nikaanza kutafuta kwa akili.

Tatizo ni saizi. Pampasi za watoto zinaishia kwenye kilo kumi na kitu, chache zinavuka ishirini, halafu zinaruka mpaka za watu wazima ambazo madukani unakuta M na L peke yake, mtoto anaogelea humo. Huko Ulaya na Marekani zipo zilizotengenezwa kabisa kwa watoto wakubwa, kwa mfano DryNites za Ulaya zina saizi ya miaka 4 hadi 7 na ya 8 hadi 15, lakini kwetu mpaka uagizie au ubahatishe supamaketi kubwa. Mi nilichofanya nilichukua futi ya fundi cherehani nikampima kiuno chini kidogo ya kitovu, sentimita 59. Nikaenda nayo famasi nikasoma mapaketi moja moja, na nikapata za watu wazima saizi S zilizoandikwa sm 50 hadi 80. Kumbe zilikuwepo siku zote, ziko juu kabisa kwenye shelfu nyuma ya magongo ya wazee. Muuzaji aliniuliza mgonjwa ana miaka mingapi, nikamwambia sio mgonjwa, ana sm 59. Jamani msinunue kwa umri, umri haufungi kiuno, pima kiuno na umpime kilo basi.

Halafu chukua za kuvaa kama chupi, achana na za gundi. Ya gundi lazima alale chali mama amfunge, na mtoto wa darasa la tano anajua hiyo ni ya nani. Siku ya kwanza nilivyomwekea ile ya kuvuta kitandani aliishika akaigeuza, akauliza, "Mama, naivaa mwenyewe?" Nikamwambia ndio baba, mwenyewe, na asubuhi unaivua mwenyewe. Akafunga mlango. Tangu siku hiyo sijaingia tena kumvalisha. Aliporudi sebuleni akawa anatembea huku anasikiliza, maana nyingine zina nailoni nje zinapiga kelele chakachaka kila hatua, hiyo nayo iangalie, za juu kama kitambaa hazisikiki chini ya bukta.

Kingine ni kiasi inachobeba. Kuna hesabu ya kibofu wanaitumia hospitali, unachukua umri wa mtoto unaongeza moja unazidisha kwa 30, unapata mililita. Wa kwangu ni 330, sawa na chupa ya soda hivi, na mara nyingi inatoka yote kwa mkupuo sio kidogo kidogo. Pampasi ya mtoto mchanga haikutengenezwa kwa huo mkupuo. Basi nikanunua mbili mbili za kampuni tofauti, nikajaza maji chupa ya soda na chumvi nusu kijiko cha chai (maji matupu yananyonywa vizuri kuliko mkojo, ukijaribu bila chumvi utadanganyika), nikaimwaga yote kwenye karai juu ya ile nguo, nikasubiri dakika tano nikakandamiza tishu. Moja ilikua na pamba tupu, ikajikusanya katikati kama uji ulioganda na tishu ikalowa chapa chapa. Nyingine ina chembechembe ndani, zikavimba zikawa kama jeli, tishu ikatoka na unyevu kidogo tu. Zilipishana shilingi mia tatu. Angalia pia pembeni mwa mapaja, kuna vikuta viwili vya ndani vinatakiwa visimame, na lastiki ya kiuno ibane bila kuacha alama, hasa kwa mtoto anayelala kifudifudi maana wa hivyo mkojo unamtokea juu tumboni. Wa kiume analowesha mbele zaidi, wa kike katikati, kwa hiyo geuza uone pamba imekaa wapi.

Msivalishe mbili kwa pamoja. Nilishafanya. Ya ndani ina nailoni kwa nje, ikijaa mkojo hauendi kwenye ya pili, unakimbilia pembeni, ile ya nje inabaki kavu na umepoteza hela mara mbili.

Hela ndo penyewe. Moja nanunua 2,000, ukivalisha kila siku ni 60,000 kwa mwezi, sina. Kwa hiyo nyumbani siku za kawaida tuna mpira juu ya godoro, juu yake shuka, na fundi amenishonea chupi nne za kufua zenye taulo tabaka mbili ndani na kitambaa kisichopitisha maji, zinapunguza ingawa hazimalizi. Za famasi naziweka kwa siku zenye uzito, safari, msiba, kulala kwa watu, siku za mtihani ambapo anatakiwa alale vizuri. Wauzaji wengine wanakubali kukuuzia mojamoja ujaribu kabla ya paketi, uliza bila aibu. Asubuhi aoge na maji na sabuni na apake mafuta ya mgando, mkojo ukikaa unachubua na harufu ndo inayomtangaza shuleni. Iliyotumika isitupwe chooni, choo cha shimo inakijaza na cha kuvuta inakiziba, sisi tunaifunga kwenye gazeti inaingia ndoo yenye mfuniko, maana mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku tangu 2019.

Na maji msimnyime mchana, anywe vizuri shuleni, apunguze masaa mawili kabla ya kulala, chai ya rangi ya usiku iachwe, na akojoe ndo apande kitandani. Ila kama mtoto alishakaa miezi sita mkavu akaanza upya, au anakunywa maji sana huku anakonda, au mkojo unamuuma, au una damu (huenda ni kichocho, hasa wanaooga ziwani na kwenye madimbwi), nguo isubiri, hospitali kwanza. Choo kigumu cha siku nyingi nacho kinabana kibofu, kwangu tulikuta hicho kipo na mapapai yalisaidia. Wenye watoto wa selimundu wajue pia, figo za hao watoto hazikazi mkojo vizuri na kukojoa usiku kwao ni kawaida zaidi, msiwachape kabisa.

Ninachoomba ni viwili. Wenye famasi na maduka, leteni S na mziweke chini watu wazione, na mwandike ukubwa wa kiuno kwa herufi kubwa. Na walimu wa bweni, serikali ilizuia bweni chini ya darasa la tano mwaka 2023, lakini darasa la tano na kuendelea wapo, na la saba wanalala kambini kabla ya mtihani, mtoto aruhusiwe kuja na nguo zake za usiku, awe na sehemu ya kubadilisha yenye mlango na ndoo yenye mfuniko. Najua shule ambayo mtoto alitolewa nje na godoro kichwani wenzie wakamwimbia, akaacha kula usiku na maji akawa hanywi kabisa. Godoro lilianikwa mbele ya madarasa.

Desemba tulienda kijijini kwa bibi yake, watoto watano godoro moja chini kama kawaida. Nilimpangia saba kwenye begi, katikati ya nguo, zimeviringishwa kwenye kanga yangu. Alikua anaamka kabla ya wenzie anaenda uani na kigazeti chake anarudi. Siku ya nne alfajiri binamu yake, wa kiume wa miaka tisa, akamfuata huko uani, wakakaa huko muda mrefu. Waliporudi mwanangu akaja kitandani kwangu akaninong'oneza, "Mama, zimebaki tatu, nimpe moja?"

Mama wa watoto wawili,
Morogoro