Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Mbeya: pumba zinase madini ya risasi, lakini zisirudi mtaani

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Pumba za mpunga za Mbarali na Kyela (zile ngumu, si laini za kulishia nguruwe) zinaweza kunasa madini ya risasi, ambayo ni sumu, yaliyoyeyuka kwenye maji machafu ya karakana za betri. Hilo halina ubishi. Vumbi la mbao la Mafinga na maganda ya kahawa ya Mbozi nayo yana uwezo huo, kwa kuwa mmea una tindikali hafifu ndani yake zinazoachia haidrojeni na kushika metali. Ombi letu ni moja: kabla karakana hazijahimizwa kuweka mapipa ya pumba, patengwe mahali pa kupeleka pumba zilizokwisha kutumika.

Sababu ni kwamba pumba hapa kwetu hazikosi mwenyewe. Zinachomea tofali, zinatandikwa kwenye mabanda ya kuku, zinamwagwa bustanini. Gunia la pumba zilizoshiba risasi halina tofauti yoyote kwa macho na gunia lililotoka mashineni asubuhi. Likiingia kwenye tanuri, risasi inatoka na moshi na nyingine inabaki kwenye jivu, na jivu hilo kuna anayelichota akasugulie sufuria.

Tueleze mtambo wenyewe, maana makosa mengi yanaanzia hapo. Maji ya kuoshea betri ni makali, pH yake (kipimo cha tindikali; namba ikiwa ndogo, tindikali ni kali) huwa 1 au 2. Ukiyapitisha kwenye pumba yalivyo hunasi kitu. Haidrojeni imejaa na imekalia nafasi zote. Kwanza yatiwe chokaa (ya Songwe inatosha) kidogo kidogo huku yakikorogwa, hadi pH 9 au 9.5. Risasi nyingi itaganda na kuzama. Fundi asizidishe kwa kudhani chokaa nyingi ndiyo usafi: ikipita 11 risasi inaanza kuyeyuka upya. Maji yalale usiku mzima, kisha yale ya juu yachujwe kwa mchanga, ndipo yashushwe hadi pH 5.5 au 6. Ukishusha kabla ya kuchuja, tope lililokuwa linaelea linayeyuka na kazi ya jana imepotea. Karatasi ya litmasi haifai hapa, inasema tu tindikali au alkali. Zinatakiwa karatasi za pH zenye namba.

Pumba nazo zina utando unaozuia maji. Zikitiwa pipani kavu zinaelea, maji yanajitafutia njia pembeni na kutoka kama yalivyoingia. Zisagwe zipite kwenye chekeche la milimita 1, ila unga mlaini upepetwe maana unaziba. Ziloweke saa kadhaa kwenye maji ya kostiki soda (ile ya kutengenezea sabuni), gramu 20 kwa lita, fundi akiwa na glavu na miwani, kisha zisuuzwe hadi maji yafike pH 7 na yasiwe na rangi ya chai. Pipa la lita 200 lipokee kilo 20 hivi. Maji yaingilie chini na kutokea juu, lita moja na nusu kwa dakika, na juu kuwe na wavu uliokandamizwa kwa kokoto.

Hesabu ya kubadilisha ni rahisi. Tuchukulie kila gramu ya pumba itabeba miligramu 2; maabara hupata zaidi, lakini kwenye karakana kalisi ya chokaa inagombania nafasi zilezile. Kilo 20 zitabeba gramu 40. Karakana ikipitisha lita 720 kwa siku, na maji baada ya chokaa yana miligramu 2 za risasi kwa lita, ni gramu 1.44 kwa siku, yaani siku 27. Tungebadilisha wiki ya tatu. Yafaa mapipa mawili yafuatane na sampuli ichukuliwe katikati yake: la kwanza likianza kuvujisha, la pili linasogezwa mbele na jipya linawekwa nyuma. Macho hayasaidii. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 0.01 za risasi kwa lita, na maji yenye mara mia ya hapo bado yanang'aa kama ya chemchemi.

Wapo watakaosema pumba zioshwe zitumike tena. Tindikali ya betri, ambayo ndiyo iko karibu, haiwezi: inaigeuza risasi kuwa salfeti isiyoyeyuka, ikabaki palepale. Tindikali ya naitriki inaweza, ila unabaki na ndoo ya risasi mkononi. Kwa kitu cha bei ya pumba, hatuoni faida.

Chunya, kwenye machimbo ya dhahabu, ni habari nyingine kabisa. Mapipa haya yasipelekwe kwenye matenki ya kuchenjulia marudio (mabaki ya mchanga wa dhahabu) kwa sayanidi. Humo metali kama shaba imefungwa na sayanidi na ina chaji hasi, kwa hiyo pumba hazitaishika. Halafu mtu akifuata maelezo yetu ya kushusha pH hadi 6, itatoka gesi ya sayanidi, na gesi hiyo inaua kwa dakika chache. Maji yale yasishushwe chini ya pH 10.5 mpaka sayanidi iharibiwe kwanza. Tunaomba katazo hilo liandikwe kwenye waraka wowote utakaotoka, tena ukurasa wa kwanza.

Kuhusu mahali pa kutupia, tunapendekeza shimo la zege lenye paa, mbali na vyanzo vya maji, chini ya usimamizi wa afisa mazingira na NEMC (baraza la taifa la mazingira). Tope la chokaa liende hukohuko, maana ndilo lenye risasi nyingi kuliko pumba. Kabla ya kutoka karakanani, pumba zichanganywe na chokaa na rangi nyekundu ya sakafu, ili hata mtoto akiziona ajue si za kuku. Kila gunia lipimwe uzito linapotoka na linapofika. Likipungua, aliyelibeba aulizwe. Sampuli za maji zipelekwe ofisi ya kanda ya Mkemia Mkuu wa Serikali hapahapa Mbeya, kwenye chupa za plastiki zilizotiwa naitriki hadi pH chini ya 2, la sivyo risasi inagandia ukutani mwa chupa na majibu yanakuja mazuri ya uongo.

Tuko tayari kukaa na wataalamu wako na kuandaa mchoro wa shimo hilo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mafundi sanifu wa maji na maabara, Mbeya