Mbio nyingi, mpira mdogo

Ndugu Mhariri,

Nina kibanda cha gemu hapa Wete, na jioni nasimamia vijana wa timu ya mtaa. Malalamiko yangu ni mbio. Kwenye gemu za mpira za siku hizi beki anageuka kama feni, na winga dakika ya 85 anakimbia vilevile alivyoanza. Najua nusu moja, inayohesabiwa dakika 45 kwenye kioo, mara nyingi huchezwa dakika 6 tu za kweli, lazima mambo yaharakishwe. Lakini kwenye mpangilio wa gemu ipo kasi ya pole, na wateja hawaitaki kabisa! Nikiiweka wananambia, “Babu, mashine yako imechoka.” (Babu sijafika, mvi tu.)

Saa kumi uwanjani, kijana yuleyule wa kibandani anabutua mbele bila ya kuinua kichwa. Kiungo akitulia na mpira kumsubiri mwenzake afungue nafasi, wanamzomea.

Gemu ya Pro Evolution Soccer ya enzi za mashine ya PlayStation 2 ilikuwa na uzito. Mpira ulijitenga na mguu, na mchezaji mwenye mwili alichelewa kugeuka, ukalazimika kufikiri kabla ya kutoa pasi. Watengenezaji waturudishie uzito huo, hata magoli yakipungua.

Mwenye kibanda,
Wete, Pemba