Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Nyimbo za Siti binti Saad Jukwaani

Ndugu wanachama,

Assalaam aleikum. Katika mkutano uliopita mliitaka kamati iache kumkumbuka Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, kwa hotuba, na badala yake nyimbo zake ziimbwe. Tumefanya hivyo, na taarifa hii inahusu jambo hilo tu. Hesabu atazisoma mhazini. La kuongeza langu ni kwamba deni la kukodi vipaza sauti limekwisha lipwa.

Anayemjua Siti kwa santuri alizorekodi Bombay kuanzia mwaka 1928 anamjua nusu. Upande mmoja wa santuri za wakati ule ulibeba dakika tatu hivi, kwa hiyo wimbo ulilazimika kukatwa ili utoshe humo. Nyumbani kwake Ng'ambo, mjini Unguja, alipokuwa na wanamuziki wenzake kina Subeti, Buda, Mbaruk na Maalim Shaaban, hapakuwa na wa kuukata. Ndiyo sababu kamati haikuwataka waimbaji wetu waige santuri, bali iliwaomba waurudishe wimbo barazani, waupe nafasi ya kupumua, na watu wapate kuwatunza waimbaji fedha.

Mjadala ulizuka juu ya wimbo wa Siti uitwao “Kijiti”. Binti aliyeuimba aliupunguza mwendo, akaanza na udi peke yake, fidla na dumbaki zikaingia baadaye, na baadhi ya wazee walinong'ona kwamba hiyo si taarabu waliyoizoea. Nami nilikuwa miongoni mwa walionong'ona. Hata hivyo, wimbo ule unasimulia mauaji ya mwanamke mgeni aliyekuja kutoka Dar es Salaam, na jinsi muuaji alivyokimbilia bara huku wanawake waliokuwa na marehemu wakifungwa. Mwendo ule wa taratibu uliyafanya maneno yasikike moja moja, na ukumbi ukanyamaza. Nimebadili mawazo. Ala zinaweza kupangwa upya, lakini maneno yasimezwe, kwa kuwa Siti alipata jina kwa kuimba Kiswahili kilichoeleweka na wachukuzi na wapishi, wakati taarabu ya kasri ilikuwa ya Kiarabu.

Bi Kidude, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar aliyefariki mwaka 2013, alitangulia kutuonyesha njia hiyo. Alijifunza kwa kumsikiliza Siti, na “Kijiti” akauimba hadi uzeeni kwa sauti nzito isiyofanana kabisa na ile ya santuri, wala hakuna aliyesema ameuharibu.

Kasoro ilikuwa moja kubwa: waimbaji wawili walipanda jukwaani bila kuelewa baadhi ya maneno ya zamani waliyoyatamka. Kamati inapendekeza kwamba mwakani kila mwimbaji akae kwanza na mzee mmoja amfasirie beti kabla ya mazoezi ya ala, na pendekezo hilo litapigiwa kura leo.

Wenye santuri majumbani, hata zilizopasuka ukingoni, wazifikishe kwa katibu zinakiliwe. Zitarudishwa siku hiyohiyo.