Trekta Linalolala: Barua kwa Swahiba Wangu wa Masindi

Bukwo, Novemba

Swahiba wangu,

Salamu kwako, kwa mama watoto na kwa wote hapo nyumbani. Sisi hatujambo, ila baridi ya Mlima Elgon imetushika na mahindi mengi bado hayajakauka. Barua yako niliisoma mchana, nikairudia usiku watoto walipolala, maana jambo unaloniuliza si dogo. Mwenye zile ekari ulizokuwa umekodi amezichukua, kapanda miwa. Wewe umebaki na ekari zako 18, na chini ya banda umebaki na trekta, plau ya diski tatu, haro ya kuvunjia mabonge ya udongo, tela, mashine ya kupandia na ile ya kupukuchulia mahindi. Uuze au usiuze?

Kabla ya hesabu, kuna neno moja kwenye barua yako lililoniuma. Umeandika kwamba ukiuza, watu watasema umefilisika. Kaka, waache waseme. Hakuna hata mmoja kati yao atakayekuletea dizeli wala tairi la nyuma. Trekta lile ulilinunua kwa jasho lako, likakulimia, likasomesha watoto. Ukilibakiza au ukiliuza, heshima yako iko palepale. Tuamue kwa ajili ya shamba na nyumba yako, maneno ya senta, pale madukani, tuyaache hukohuko.

Sasa, sababu uliyoitanguliza ni kwamba linalala miezi tisa kwa mwaka. Hiyo mimi siikubali, na nitakueleza kwa nini. Unajua sina trekta. Kila mwaka nakodi, kwa hiyo upande ule wa pili naujua vizuri. Huku msimu wetu wa mahindi ni mmoja, tofauti na ninyi wenye misimu miwili. Mvua ya Machi ikishuka, kila mtu anataka kulimiwa wiki ileile. Unatoa kianzio, mwenye trekta anaandika jina lako kwenye daftari, anakwambia kesho. Kesho unasikia injini inanguruma kwa mwenye ekari 30 zilizoungana, kwa sababu kule dereva ananyoosha tu, hapotezi dizeli kwa kugeuza kwenye vipande vipande. Sisi wa ekari mbili tatu tunasubiri. Wakati tunasubiri, magugu yanaota, na ile naitrojeni, chakula cha mimea, ambayo udongo mkavu huiachilia kwa wingi unapolowa mara ya kwanza inazama na maji. Aliyepanda mapema anaikuta, sisi tunakuta mabaki, na mbolea ya dukani ndiyo inayoziba pengo kwa fedha zetu.

Ndiyo maana nasema miezi ya kulala haitoshi kuwa kipimo. Trekta linaweza kufanya kazi wiki sita tu kwa mwaka na bado likawa na faida, mradi wiki hizo sita ndizo ambazo hakuna atakayekuazima lake. Swali la kuuliza kwa kila chombo ni hili: je, kazi yake ina wiki yake isiyosubiri? Na je, wiki hiyo utapata wa kumkodi?

Chukua mashine ya kupukuchulia. Mahindi yakiwa kwenye magunzi ndani ya ghala linalopitisha hewa yanaweza kusubiri. Tena ni vizuri yasubiri, kwa sababu ukipukuchua mabichi punje zinavunjika na kuvu inapata mlango. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5, na hapo hufikii kwa haraka, hasa mavuno yenu ya Julai na Agosti yanayoanguka kwenye mvua. Mashine za kuzunguka na pikapu haziko mbali nawe, na mwenyewe anakuja siku utakayomwita. Hii iuze bila kunung'unika.

Ya kupandia nilifikiria zaidi. Inaokoa siku, sikatai. Lakini inataka shamba lisilo na visiki, haro iliyopita vizuri, na mtu anayejua kupima mbegu na mbolea. Kwa ekari 18, watu 15 wenye kamba na vijiti, sentimita 75 kati ya mistari, kwa hesabu yangu watamaliza kwa wiki moja. Ulipokuwa na mashamba yale ya kukodi ilikuwa na maana. Sasa haina.

Linabaki trekta lenyewe na plau yake, na hapo ndipo penye uzito. Nimekaa na kalamu, na nakuandikia hesabu yote ili uibomoe ukiona imepinda. Tuseme trekta lako na vyombo vyake lingepata shilingi milioni 45 za Uganda leo. Fedha hizo ukiziweka kwenye hati za serikali kupitia Benki Kuu, zikilipa tuseme asilimia 14 kwa mwaka, ni milioni 6 na laki 3. Ondoa kodi ya asilimia 20 inayokatwa kwenye riba, unabaki na kama milioni 5. Hiyo ndiyo fedha unayoiacha mezani kila mwaka kwa kuliweka bandani, hata kama huioni. Ongeza thamani inayoshuka, tuseme milioni 2 na nusu. Ongeza betri, tairi, nozeli, mihuri ya haidroliki na fundi, milioni 1 na nusu kwa mwaka wa kawaida. Jumla milioni 9.

Upande wa pili: ekari 18 mara misimu miwili ni ekari 36. Ukikodi kwa 120,000 kulima na 80,000 kupiga haro, utalipa milioni 7 na laki 2. Ukitumia lako, dizeli ya kulima na haro ni kama lita 13 kwa ekari, kwa shilingi 5,000 lita, ukiongeza posho ya dereva na tanboi, msaidizi wake, 20,000, unatumia milioni 3 hivi. Kwa hiyo trekta linakuokolea milioni 4 na kidogo, na linakula milioni 9. Pengo linakaribia milioni 5.

Pengo hilo linazibwa kwa kuwalimia watu. Kila ekari ya jirani, ukitoa dizeli, dereva, oili na grisi, itakuachia kama 50,000. Unahitaji karibu ekari 100 za watu kila mwaka, juu ya zako 36. Trekta la nguvu farasi 75 likiwa zima linalima kama ekari moja kwa saa kwenye udongo mzuri, kwa hiyo kazi hiyo inawezekana kabisa. Tatizo ni kwamba ekari hizo 100 zinapatikana katika zile wiki zilezile ambazo shamba lako nalo linalia. Ukienda kwa watu, unajichelewesha. Usipokwenda, pengo linabaki.

Halafu kuna miwa. Umeandika kwa uchungu kuhusu lile shamba ulilopokonywa, nami nakuelewa, lakini tazama na jambo lingine. Miwa ikivunwa huchipua tena kwenye visiki vyake. Shamba likishalimwa na kupandwa, linaweza kukaa miaka kadhaa bila kuonja plau. Kwa hiyo kila ekari ya Masindi inayohamia kwenye miwa ya kiwanda cha sukari cha Kinyara ni ekari iliyotoka kwenye daftari la wenye matrekta ya kulima. Wateja wako hawajakuchukia, kaka. Mashamba yao ndiyo yamebadilika. Kazi iliyoongezeka ni ya kusomba, na hiyo inataka tela, breki nzima, klachi nzima, na mtu wa kukaa barabarani wakati wote wa mavuno.

Na hapo nafika kwenye neno ambalo kwangu ni zito kuliko hesabu yote hiyo: nani atakaa juu ya kile kiti? Kijana wako aliyeliendesha amepata kazi Kampala na harudi leo. Wewe mgongo umeshakuambia basi. Dereva wa kuajiriwa usiyemjua atalima ekari tatu akuandikie mbili, na dizeli itavutwa kwa mpira usiku. Usimlaumu sana, maana trekta lisilokuwa na mwenyewe karibu hualika mambo hayo. Wazee wanaokumbuka mashamba ya kikundi ya miaka ya 1960 wanasimulia hivyohivyo: matrekta ya serikali yalikuwepo, lakini asiyekuwepo ni mtu wa kuona kama kisima cha oili kimepungua. Chombo cha namna hii kinataka jicho kila asubuhi. Grisi kwenye kila chuchu ya kupitishia grisi, maji ya rejeta, kichujio cha hewa kupigwa vumbi, ile saa ya injini inayohesabu saa za kazi kusomwa ili oili ibadilishwe kwa wakati wake. Kikilala bila jicho, maji yanajikusanya chini ya tangi la dizeli, panya wanakata nyaya, na tairi zinapasuka upande ule unaopigwa na jua.

Kwa hiyo, swahiba, shauri langu ni uuze. Lakini usiuze kwa dalali wa mjini atakayelipeleka mbali. Muuzie yule jirani mwenye miwa uliyeniandikia kwamba amelitolea macho. Kwake lina thamani kuliko kwako: Machi atalima, miwa ikikomaa atasomba na tela lako, na wanawe wawili wanajua kuendesha.

Na usichukue fedha yote. Hapa nisikilize vizuri, maana ndipo ninapotaka kukulinda na foleni yangu ya kila Machi. Kama mmekubaliana milioni 45, chukua milioni 37 na laki 8 taslimu benki, na milioni 7 na laki 2 zilizobaki akulipe kwa kulima na kupiga haro ekari zako 18 kwa misimu miwili ijayo. Andikeni kwamba mvua ikishanyesha na siku saba zikapita hajafika, una haki ya kukodi mwingine na yeye analipa kwa fedha. Ahadi ya mdomo ya kukulimia kwanza haitamaliza hata mvua moja, nimeona mengi. Deni ambalo analilipa kwa dizeli yake badala ya fedha, atalikimbilia mwenyewe. Mwaka ukiisha utakuwa mteja kama wengine, lakini mteja mwenye ekari 18 zilizoungana na anayelipa mapema. Mtu kama huyo dereva hampiti.

Mkataba uwe na mashahidi mbele ya mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, na mwanasheria auangalie. Ile logibuku, kitabu cha umiliki wa trekta, usimkabidhi mtu huku jina lako bado limo. Trekta likigonga mtu njiani na shehena ya miwa, polisi watakuja kwako kwanza. Jina libadilishwe ndipo trekta liondoke.

Wakati mzuri ni Januari hadi katikati ya Februari, mifuko ikiwa na fedha za mavuno na watu wanatazama mawingu. Ukingoja Mei utaomba badala ya kuombwa. Bahati nzuri ni Massey Ferguson 375, ile inayoundwa Pakistani, ambayo kila fundi anaijua na spea zake hazimsumbui mtu, kwa hiyo usikubali kutishwa bei. Lioshe, lipige grisi, badilisha oili na vichujio, lakini usilipake rangi. Rangi mpya inamtia mnunuzi mashaka. Fundi wake atataka kuliwasha likiwa baridi, ataangalia moshi: wa buluu maana yake linakula oili. Atainua plau juu kwa haidroliki, azime injini, asimame aone kama inashuka yenyewe. Fanya majaribio hayo wewe kwanza, na kama kuna muhuri unaovuja, ubadilishe sasa. Wenzetu wanaovuka kutoka Kitale kununua huku Suam hawamwamini mtu, wanaamini mikono yao tu, nami naona wako sahihi.

Jambo moja tu linaweza kunigeuza. Umetaja mpwa wako aliyesomea ufundi. Kama yuko tayari kurudi Masindi kwa nia, akae na trekta hilo kama lake, mgawane mapato ya kusomba na kulima, basi achana na barua hii yote, uza zile mashine mbili ndogo na umpe mwaka mzima. Lakini muulize wazi, na umsikilize anavyojibu. Akisema "nitaona", uza.

Fedha ikiingia, najua ada za shule zitabisha hodi siku hiyohiyo. Kabla hujaanza kuichota, tenga ya mbegu na mbolea ya msimu wa kwanza, na ya ghala lililoinuliwa pamoja na maturubai, maana mavuno ya Julai yamekutesa kwa unyevu mara nyingi. Inayobaki iweke mahali ambapo haitolewi kwa simu.

Ukijibu, niandikie saa ya injini inasoma ngapi, tairi za nyuma zimebaki na meno kiasi gani, na kama logibuku ina jina lako au bado ina la yule aliyekuuzia. La mwisho hilo likaguliwe wiki hii, kwa sababu kubadilisha jina kunaweza kula muda wote uliobaki kabla ya Januari. Nikimaliza kupukuchua nitashuka Mbale, nipande basi nije. Nataka niwepo siku mtakayokaa na jirani yako mezani.

Nisalimie mama watoto sana.

Ni mimi rafikiyo,
wa Bukwo