Barua kwa mdogo wangu: selimundu haina zamu

Mdogo wangu,

Jumapili uliponipigia ukaniambia mavyaa wako amesema "huyu wa tatu atakuwa salama, wa kwanza ameshaubeba ugonjwa wote," nilinyamaza. La kusema nilikuwa nalo, ila sikutaka kukutisha kwenye simu na mimba changa hivyo. Nimeamua kuandika, tena hadharani, maana mnaoambiwa maneno hayo mko wengi.

Kwanza hilo lililokuliza, kwamba wewe ndiye uliyeleta damu mbaya kwenye ukoo wa watu. Selimundu, yaani sikoseli, haiji kwa mzazi mmoja. Kila mtu ana nakala mbili za jeni ya himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni), moja ya baba, moja ya mama. Iliyo nzima huitwa A, yenye kasoro S. Mwenye AS analima, anacheza mpira, anazeeka, wala hajui kitu. Mwenye SS ndiye anayelazwa kama mwanetu, chembe zake nyekundu zikijipinda kama mundu na kuziba mishipa. Na ambapo chembe ya kawaida huishi siku kama 120, zake hufa ndani ya siku 10 hadi 20, ndiyo maana kila mara unaambiwa damu imepungua. Ili awe SS ilibidi apate S kwako na S kwa baba yake. Shemeji naye anayo, na ameitoa kwao. Wakisema "kwetu hakuna ugonjwa huo" pengine hawadanganyi: S inaweza kupita vizazi kadhaa kimyakimya mpaka ikutane na mwenzake.

Sasa hiyo zamu. Chukua sarafu mbili za shilingi 200. Upande wa simba uuite S, upande wa Karume uuite A. Moja ni wewe, nyingine shemeji, kila mmoja wenu akiwa AS. Zirushe pamoja: kila mrusho ni mimba moja. Kuna njia nne za kuanguka. Simba kwa simba, SS. Karume kwa Karume, AA. Simba wako na Karume wake, au Karume wako na simba wake, zote mbili AS. Kwa hiyo robo, nusu, robo.

Nilikaa na binti yangu mezani tukarusha mara 40, yeye akiandika nyuma ya daftari la hesabu (sarafu moja ikaishia chini ya friji, tukaitafuta kwa mwiko). Tulitegemea simba wawili mara 10 hivi. Wakatoka mara 13, na katika hizo, mara tatu mfululizo. Baadaye ikapita mirusho 11 bila hata mara moja. Akaniuliza, "Mama, zimechoka?" Hazichoki. Sarafu haikumbuki ilivyoanguka juzi, na mimba ya tatu haijui ya kwanza ilipata nini. Kwa huyu uliyembeba ni robo ileile, kama ilivyokuwa kwa wenzake.

Mavyaa anachanganya mambo mawili. Ukiuliza kabla ya kuzaa, "katika watoto watatu, uwezekano wa wote kukwepa SS ni kiasi gani?" unazidisha robo tatu mara tatu: 27 kwa 64, asilimia 42 hivi. Lakini hilo ni swali la mtu ambaye bado hajazaa. Wewe wawili umeshawazaa, umebakiwa na mrusho mmoja.

Na kwa nini S imejaa kwetu? Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alipima damu za watu akaona wenye AS wamezidi mmoja kwa watano pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, huku nyanda za juu wakiwa chini ya asilimia moja. Mwaka 1954 akaeleza sababu: mbu. Mtoto mwenye AS huihimili malaria kali kuliko mwenye AA. Huenda kuna bibi yetu aliyeokolewa na hiyohiyo wanayoiita damu mbaya.

Ile karatasi ya shemeji kutoka zahanati imeniudhi. Walimpima kipimo cha haraka, kikaja chanya, wakamwambia "una sikoseli," akarudi nyumbani akidhani anakufa. Kipimo kile huonyesha tu kwamba S ipo. Hakitofautishi AS na SS. Aende hospitali kubwa aombe kipimo cha kutenganisha aina za himoglobini. Na mtoto akizaliwa apimwe mapema, asisubiriwe mpaka vidole vivimbe. Akiwa SS, dawa ya kumkinga na maambukizi huanza angali mchanga.

Umeniuliza pia kuhusu yule wa pili, mzima wa afya, kama naye anayo. Watu hujibu nusu kwa nusu. Rudi kwenye zile njia nne. Huyu tunajua si SS, kwa hiyo simba wawili wafute. Zimebaki tatu, na mbili kati ya hizo ni AS. Theluthi mbili, basi. Hatadhurika. Ila akikua na kuanza kuleta mchumba nyumbani, hiyo karatasi ya kipimo iwe imeshapatikana, nawe usiifiche kabatini.

Jumamosi nakuja. Sarafu ninazo, mwambie mavyaa anisubiri.

Dada yako