Barua kwa Mama kuhusu masomo ya Rehema

Mama mpendwa,

Shikamoo. Pesa ya tiketi nimeshatuma. Lakini hili la Baba Mdogo kusema Rehema anakwenda Marekani "kusomea hadithi" limeniuma. Mtoto wa Ngamiani hapo Tanga, kasoma HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), kapata chuo na ufadhili juu, halafu anasemwa barazani! Anachokwenda kusomea ni insia mseto, yaani masomo ya binadamu na utamaduni wake yakiunganishwa. Msomee haya.

Shahada hapa Marekani ni krediti (vipimo vya uzito wa kozi) kama 120 kwa miaka minne. Fani yenyewe huchukua 30 hadi 45 hivi. Insia mseto maana yake unashika swali moja, tuseme biashara ya Bahari ya Hindi, unalifuata kwa historia, fasihi, dini na falsafa. Wanaoharibikiwa ni wanaookoteza kozi za utangulizi, moja huku, moja kule. Wakimaliza hawana walichozamia, na mwajiri hajui awape kazi gani. Rehema achague mhimili mmoja apande nao hadi kozi za juu, aongeze takwimu au uchoraji wa ramani kwa kompyuta, na Kiarabu, maana hati nyingi za zamani za pwani yetu ziko kwa herufi zake. Utafiti wa mwaka wa mwisho autunze vizuri. Ndio atakaouweka mezani akiomba kazi.

Na kazi zipo: nyaraka, makumbusho, uhariri, utafiti wa sera, kuandika maombi ya fedha za miradi. Baba Mdogo anayetaka wakili, ajue vyuo vya sheria vya hapa havidai fani maalumu ya shahada ya kwanza. Vinatazama alama na mtihani wa kuingilia, mara nyingi ule uitwao LSAT.

Kinachonitia wasiwasi mimi ni viza. Mwenye F-1, yaani viza ya mwanafunzi, akihitimu huruhusiwa kufanya kazi ya fani yake miezi 12. Wa sayansi na uhandisi wanaweza kuongezewa 24. Wa insia kwa kawaida hapati. Ombi linapokelewa kuanzia siku 90 kabla ya kumaliza masomo, na ruhusa ikishaanza, siku zote za kukaa bila kazi zisizidi 90. Kwa hiyo kazi aitafute tangu mwanzo wa mwaka wa nne, na mafunzo ya kazini ayafanye likizo za kabla ya hapo, kwa kibali cha chuo kwanza. Maelezo ya kila kozi ayahifadhi: akirudi, TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) wataitathmini shahada yake, na jina la "insia mseto" peke yake halionyeshi alisoma nini.

Mama, nimewakumbuka. Huku hata samaki hana ladha. Huyu mtoto akifika nitapata wa kuongea naye Kiswahili cha Tanga.

Anipigie Jumapili akiwa na orodha ya kozi za muhula wa kwanza. Zisipungue krediti 12, viza hairuhusu.

Mwanao,
Saida